Remorki ya pirogi: kabla ya kuuliza bei, uliza uzito na mteremko

Kutoka Bunia mpaka Kasenyi barabara si ndefu. Mtu wa pikipiki anatoka asubuhi, na mchana amerudi na samaki zake. Lakini ndani ya barabara hiyo fupi tunashuka karibu mita 650. Bunia iko kwenye mita 1,275 hivi juu ya bahari, na maji ya Ziwa Albert yako kwenye mita 620 hivi. Ukipita Bogoro, uwanda unaisha na mteremko unaanza. Hapo ndipo mtu anayevuta pirogi nyuma ya gari anajua kama alichagua remorki vizuri ao vibaya. Na akijua hapo, amechelewa.

Tunaandika makala hii kwa ajili ya mtu, familia ao ushirika wenye pirogi ya kadiri, yaani ya mita 7 mpaka 9, yenye motere, na wanaofikiri kununua remorki ao kuichomelesha. Pirogi ya namna hiyo mara nyingi si mali ya mtu mmoja. Kuko aliyetoa makuta ya mbao, aliyeleta motere, aliyekopa nyavu, na mama wanaongojea samaki ili wauze sokoni. Ikipinduka barabarani, nyumba nyingi zinalala njaa. Na kama remorki imemsukuma shofere kwenye kona, hasara inaweza kuwa mbaya kuliko ya mbao.

Kosa tunalosikia kila mara ni hili: «Pirogi yangu iko ya metre nane, remorki nayo iko ya metre nane, njo itaenea.» Urefu unaonekana kwa macho, kwa hiyo ndio watu wanapima. Lakini remorki haivunjiki kwa sababu pirogi ni ndefu. Inavunjika kwa sababu ya uzito, mashimo na mteremko.

Tatizo la zamani

Kusafirisha chombo cha maji mpaka Ziwa Albert kulisumbua watu zamani pia. Mwezi wa 12 mwaka 1887, Henry Morton Stanley alifika kwenye ziwa hili akitokea msitu wa Ituri. Alikuwa na boti la chuma linaloitwa Advance, lenye urefu wa mita 8 na nusu hivi, sawasawa na pirogi ya kadiri ya leo. Lilikuwa limetengenezwa kwa vipande 12, ili wapagazi, wengi wao watu waliotoka Zanzibar, waweze kulibeba. Lakini alipofika ziwani boti halikuwa naye. Lilikuwa limebaki nyuma msituni, Ipoto, na pale ufukoni hakupata mtumbwi wa kumtosha. Alirudi nyuma, akajenga ngome ya Fort Bodo, akatuma watu walete boti, na akarudi ziwani mwezi wa 4 mwaka 1888. Miezi minne hivi ilipotea. Msafara ule uliacha wapagazi wengi wamekufa kwa njaa na magonjwa.

Boti lile lilitengenezwa kulingana na njia na migongo ya watu watakaolibeba, lakini siku lilipohitajiwa halikuwa karibu. Pirogi na njia ya kuibeba ni shauri moja. Anayenunua pirogi kwanza halafu anaanza kutafuta namna ya kuifikisha majini, analipa mara mbili.

Je, unahitaji remorki kweli?

Anza na swali hili, kwa sababu linaweza kukuokolea makuta mengi. Pirogi nyingi za mbao za Kasenyi, Tchomia na fuko zingine zinatengenezwa karibu na maji na zinamaliza maisha yao pale pale. Kwa kuzipandisha ufukoni, magogo ya kuviringisha na watu kumi wanatosha. Ao tengeneza kigari cha ufuko: ekseli moja, mipira miwili mipana, mbao mbili za kulalia. Hakiendi barabarani, hakihitaji mataa wala plaki.

Kama unasafirisha pirogi mara moja kwa mwaka, kodi Fuso. Laza pirogi juu ya mifuko iliyojazwa majani makavu, funga vizuri, umemaliza. Remorki inayokaa miezi 11 uani inaharibika bila kufanya kazi: mipira inapasuka kwa jua, grisi inakauka, kutu inakula chuma.

Remorki inaanza kuwa na maana ukiwa katika moja ya hali hizi: unabadilisha fuko mara kwa mara kwa njia ya barabara, unatengeneza pirogi Bunia na kuzishusha ziwani kwa kuuza, umenunua boti la fibre Uganda na unalipitisha Mahagi, ao ushirika una pirogi kadhaa zinazopanda kwa fundi kwa zamu. Hii ya mwisho ndiyo nzuri zaidi. Remorki moja kwa pirogi sita inafanya kazi, na gharama inagawanyika. Ila basi muichague kwa pirogi iliyo nzito kuliko zote, si kwa ile ya mwenyekiti.

Hesabu ya uzito, pole pole

Watu wengi hawajui pirogi yao ina kilo ngapi. Hakuna mizani ya kuiweka juu. Lakini unaweza kuikadiria kwa kamba, metre na kalamu. Tufanye mfano wa pirogi ya mbao ya mita 8.

Chukua kamba, uipitishe chini ya tumbo la pirogi katikati, kutoka ukingo wa kushoto mpaka wa kuume. Tuseme umepata mita 2.8. Kwa sababu pirogi inakuwa nyembamba mbele na nyuma, chukua robo tatu ya hiyo: mita 2.1. Zidisha kwa urefu wa mita 8, unapata mita za mraba 16.8 za mbao. Kama ubao una unene wa sentimita 3, zidisha kwa 0.03: ni nusu ya mita ya ujazo. Mbao ngumu iliyokauka ina kilo 600 mpaka 700 kwa mita ya ujazo. Tukichukua 650, ubao wenyewe una kilo kama 330.

Bado mbavu, viti, mkuku na misumari. Ongeza nusu: unafika karibu kilo 490. Halafu kumbuka kwamba pirogi inayoishi majini imekunywa maji. Ongeza robo: kilo 615. Hiyo ni pirogi tupu.

Sasa weka vyombo. Motere ya nguvu 25 ina kilo 50 na kitu, andika 55. Nyavu zilizolowa, kilo 80. Bidoni mbili za lita 20 za esansi, kilo 15 kila moja: 30. Nanga, kasia, kamba na sanduku la fundi, kilo 20. Jumla ni kilo 800. Mwenye pirogi aliyesema «iko nyepesi, labda kilo mia tatu» alihesabu ubao mkavu tu, kabla haujagusa maji.

Boti la fibre la urefu ule ule linaweza kuwa jepesi kidogo ao zito zaidi, kulingana na unene wake. Muulize muuzaji karatasi ya uzito. Asipokuwa nayo, tafuta daraja la kupimia magari, pima gari tupu, halafu pima gari na boti.

Namba iliyo kwenye plaki

Kila remorki ya kiwanda ina plaki ndogo ya chuma yenye namba. Namba inayowadanganya watu ni ile ya PTAC. Ni uzito wote unaoruhusiwa: remorki yenyewe pamoja na mzigo. Si uzito wa mzigo peke yake.

Tuseme unaonyeshwa remorki iliyoandikwa PTAC kilo 750. Yenyewe tupu ina kilo 200. Kwa hiyo inaweza kubeba kilo 550. Pirogi yetu ya mfano, tena bila motere na bila nyavu, ina 615. Imeshapita. Muuzaji atakuambia, «Papa, hii imebeba vitu vizito kuliko hiyo.» Labda ni kweli, kwenye lami tambarare. Hapa kwetu kila shimo linapiga ekseli kwa nguvu inayozidi uzito ulioandikwa.

Kwa hiyo fanya hivi: chukua uzito wako, kilo 800, uongeze sehemu moja ya tano kwa ajili ya barabara yetu. Unapata 960. Ongeza uzito wa remorki tupu, tuseme 250. Umefika 1,210. Remorki unayotafuta ni ya PTAC kilo 1,300 hivi. Ile ya 750 iachie wabeba matofali machache.

Freni: hapa usipunguze bei

Katika nchi za Ulaya, remorki isiyo na freni zake yenyewe inaishia PTAC ya kilo 750. Juu ya hapo, lazima iwe na freni. Waliweka sheria hiyo kwa barabara zao zenye lami. Sisi tuna mteremko wa Bogoro, udongo mwekundu unaoteleza mvua ikinyesha, na pikipiki zinazopanda zikibeba watu watatu.

Remorki ya tani moja bila freni, gari likipunguza mwendo, inaendelea kusukuma. Kwenye njia iliyonyooka inasukuma mgongo wa gari. Kwenye kona inasukuma upande, na sehemu ya nyuma ya gari inatupwa nje ya barabara. Mafundi wanasema remorki «imekunja» gari. Ikifika hapo, shofere hana tena la kufanya.

Freni za kawaida za remorki za ukubwa huu ni za kusukumwa. Gari likipunguza mwendo, remorki inasogea mbele, kichwa chake kinaingia ndani kidogo, na kile kitendo kinavuta kebo inayobana freni za magurudumu. Hakuna umeme, hakuna mafuta. Fundi wa Bunia anaweza kuzitengeneza. Ila zina udhaifu mmoja mkubwa kwa njia yetu: kwenye mteremko mrefu remorki inasukuma muda wote, kwa hiyo freni zinabana muda wote. Zinapata moto, zinanuka, halafu zinaacha kushika.

Dawa yake ni shofere. Shuka na vitesi vidogo tangu juu kabisa, vile vile ambavyo ungetumia kupanda. Acha motere ya gari ishike uzito. Ukisikia harufu ya kuungua, simama fasi pana, weka kabari kwenye magurudumu, ngoja mpaka unaweza kugusa ngoma ya freni kwa mkono. Usizimwagie maji, chuma cha moto kikipigwa na maji baridi kinapasuka.

Gari la kuvuta

Remorki nzuri nyuma ya gari dhaifu ni hatari ile ile. Kanuni ya kukumbuka: remorki na mzigo wake visizidi uzito wa gari linalovuta, na vikiwa pungufu sana ni vizuri zaidi. Kwa mfano wetu, pirogi na remorki ni kilo 1,050. Kamioneti ya kabini mbili inaweza. Teksi ndogo haiwezi, hata kama inafaulu kuondoka uwanjani. Kuvuta ni jambo moja, kusimamisha ni jambo lingine.

Soma pia kitabu cha gari ao plaki yake. Kiwanda kinaandika kilo gani gari linaweza kuvuta remorki ikiwa na freni, na kilo gani ikiwa haina. Namba hizo mbili hazifanani hata kidogo. Na kichwa cha kuunganishia, kile wanaita atelaji, kifungwe kwenye fremu ya gari kwa buloni, si kuchomelewa kwenye bampa.

Mipira, resori na ekseli

Remorki nyingi zinazotoka nje zina vigurudumu vidogo. Kwenye lami ni sawa. Hapa kigurudumu kidogo kinaingia shimoni mzima, na kwa sababu kinazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilometa, rulema zake zinapata moto haraka. Tafuta ao tengenezesha remorki yenye magurudumu ya kipimo kile kile cha gari lako, na buloni zile zile. Basi mupira mmoja wa akiba unafaa kwa yote mawili.

Angalia namba ya uzito kwenye ubavu wa mupira. Mupira wa 185R14C ulioandikwa 102 unabeba kilo 850. Miwili inabeba 1,700; inatosha. Mupira wa gari dogo wa 185/70R14 ulioandikwa 88 unabeba kilo 560 tu. Miwili ni 1,120, nasi tulihitaji 1,300. Kwa macho inafanana. Ukinunua mipira ya okazo, tafuta pia tarakimu nne za mwisho katika duara dogo: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mupira wa zamani sana, hata ukiwa na meno mazuri, unapasuka ukipata joto.

Kwa resori, chagua zile za vyuma bapa vilivyopangwa. Kiwandani wana namna ingine, ekseli yenye mpira ndani, laini na nzuri. Lakini ikiharibika hapa, utabadilisha ekseli nzima, tena baada ya kuitafuta Kampala. Chuma bapa kikivunjika, unapata kingine ndani ya siku.

Ekseli moja ao mbili? Kwa pirogi yetu ya kilo 800, moja inatosha. Ni nyepesi, watu wanne wanaigeuza ufukoni kwa mikono. Ekseli mbili zinafaa kuanzia uzito wa tani moja na nusu hivi. Uzuri wake ni kwamba mupira mmoja ukipasuka kwenye mteremko, remorki inabaki imesimama. Ubaya wake: mipira minne ya kununua, freni nyingi za kutunza, na kuigeuza kwenye mchanga ni kazi ya kijiji.

Pirogi inalala juu ya nini?

Hapa watu wanaua pirogi bila kujua. Ndani ya maji, uzito wa pirogi unabebwa na maji kila fasi. Juu ya remorki unabebwa na fasi chache. Zikiwa chache mno, mbao zinajikunja, misumari inalegea, na ukiishusha majini inavuja. Mwenyewe anasema fundi wa pirogi ni mubaya, kumbe ni kitanda.

Kwa pirogi ya mbao yenye mkuku, uzito mkubwa ukae juu ya mkuku, kwenye mbao ngumu zilizolazwa katikati, na pembeni mbao mbili ndefu za kuishika isilale upande. Funika mbao hizo na kapeti ya zamani ao mipira iliyokatwa. Rola, yale magurudumu madogo ya kuteleza, yanarahisisha kupandisha, lakini kila moja linafinya fasi ndogo. Usiyaweke chini ya ubao mtupu. Yaweke chini ya mkuku tu. Kwa boti la fibre la tumbo pana, mbao ndefu ni bora zaidi.

Jambo la pili: fremu ifike mpaka chini ya ubao wa nyuma, pale motere inapofungwa. Pirogi inayoning'inia mita moja na nusu nyuma ya remorki inavunjika mgongo pole pole, kila shimo na sehemu yake. Hapa ndipo urefu unaingia kwenye hesabu, lakini baada ya uzito. Na kwa safari ya barabarani, fungua motere uiweke ndani ya gari. Kilo 55 zikirukaruka mwishoni mwa pirogi ni kama nyundo.

Uzito wa pua

Remorki inayoyumbayumba nyuma ya gari kama mkia wa samaki karibu kila mara ina tatizo moja: uzito uko nyuma mno. Sehemu ya 5 mpaka 10 kwa mia ya uzito wote inapaswa kukandamiza kichwa cha gari. Kwa kilo zetu 1,050, hiyo ni kilo 50 mpaka 105, yaani kati ya mfuko mmoja wa simenti na miwili.

Kupima ni rahisi. Weka remorki na pirogi kwenye udongo tambarare, uzuie magurudumu kwa kabari. Simamisha kipande cha mti juu ya mizani ya wauza maharage, kwa urefu ule ule wa atelaji, na ulaze pua ya remorki juu yake. Soma namba. Ikiwa ndogo, sogeza pirogi mbele; ikiwa kubwa, sogeza nyuma. Ukiisha kupata, weka alama ya rangi kwenye fremu, ili kila mtu ajue pirogi inafika wapi. Mkono wa mbele wa remorki ukiwa mrefu, inatulia zaidi barabarani, na ufukoni magurudumu ya gari hayaingii majini.

Maji na rulema

Ziwa Albert si bahari. Chumvi haitakula remorki yako ndani ya mwaka. Lakini maji yanayobaki ndani ya chuma yanafanya kazi usiku na mchana. Bomba la mraba lililofungwa pande zote linaoza kutoka ndani, nje likiwa bado linang'aa rangi. Kwa remorki ya kuchomelesha, chuma cha U kilicho wazi ni bora. Ukitumia bomba, toboa matundu chini maji yatoke.

Rulema zinakufa kwa sababu moja inayojulikana. Unashuka kutoka Bunia, rulema zina moto. Unaingiza remorki moja kwa moja majini. Hewa iliyo ndani inapoa ghafula, inajikunja, na kuvuta maji ndani pamoja na mchanga. Grisi inakuwa maziwa. Baada ya safari chache gurudumu linaanza kulia, halafu siku moja linatoka. Kwa hiyo ukifika ziwani, ngoja nusu saa. Kunywa chai, toa salamu, gusa kitovu cha gurudumu. Kikiwa baridi, ingiza. Na utumie grisi inayokataa maji, ubadilishe kila baada ya safari kadhaa. Pakiti moja ya rulema ya akiba ikae kwenye gari siku zote.

Kuchomelesha hapa ao kununua ya kiwanda?

Bunia ina wachomeleaji hodari wanaotengeneza milango, matangi na bodi za magari. Fremu ya remorki wanaiweza. Faida ni kubwa: unaipata kwa kipimo cha pirogi yako, kwa mipira ya gari lako, na ikivunjika aliyeitengeneza yuko karibu. Lakini vitu vitatu usiviache kwenye chuma cha kuokota: ekseli yenye vitovu, freni, na kichwa cha kuunganishia. Hivyo nunua vya kiwanda, hata vya okazo, vikiwa na namba zinazosomeka. Mkono wa mbele uchomelewe na vipande vya pembetatu vya kuutia nguvu pale unapoungana na fremu, kwa sababu hapo ndipo unapokatika.

Ukinunua ya okazo, piga fremu kwa nyundo ndogo kila fasi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Inua gurudumu kwa kriki, ulitikise juu na chini: likicheza, rulema zimechoka. Na uulize karatasi. Remorki bila plaki ya namba, bila bima na bila hati ya kununua itakugharimu kwenye kila barrière, kila safari.

Kabla ya kuondoka

Tangu etat de siège ilipotangazwa Ituri mwezi wa tano 2021, watu wa barabara wanajua kwamba saa ni sehemu ya usalama. Remorki iliyovunjika saa kumi jioni katikati ya njia si tatizo la fundi tu. Uliza hali ya njia siku ile ile, ondoka asubuhi, na uwe na vitu vya kujitengenezea.

Zunguka remorki mara moja ukiwa na orodha hii. Kamba mbili nyuma, moja mbele, na moja katikati; usiitegemee kamba ya winchi peke yake, hiyo ni ya kupandishia. Minyororo miwili ya usalama, ipite kwa msalaba chini ya atelaji, ili kichwa kikichomoka pua isianguke barabarani. Mataa ya nyuma yanawaka, yafungwe kwenye ubao unaotolewa kabla ya kuingia majini. Kitambaa chekundu nyuma ya pirogi. Mupira wa akiba, kriki, kabari mbili, rulema. Bidoni za esansi zisiwe ndani ya pirogi. Na watu wasiwe ndani ya pirogi, hata mmoja, hata kama ni mama wa mwenye pirogi na jua ni kali.

Baada ya kilometa tano, simama. Kamba zote zitakuwa zimelegea kidogo, zikaze. Simama tena Bogoro, kabla ya kushuka: gusa vitovu vya magurudumu, angalia kebo ya freni, weka kitesi kidogo, na uwaache wenye haraka wapite mbele.